Kusoma Kavu

Kwenye kwaya yetu ya vijana, kule makazi ya wakimbizi ya Katumba, wimbo mpya haukuimbwa kabla ya kusomwa kavu. Kusoma kavu ni hivi: mtunzi anasimama mbele ya kamati ya maneno, bila gitaa, bila ngoma, bila hata kupandisha sauti mwishoni mwa mstari, anasoma maneno yake kama mtu anayesoma tangazo la chanjo. Maneno yakisimama yenyewe, wimbo unapewa sauti. Yakianguka, unarudi nayo nyumbani. Sheria hiyo ilitokana na aibu moja ya zamani. Kwaya iliimba mwaka mzima wimbo wenye mapigo matamu, watu wakicheza mpaka viatu vinafumuka, halafu siku moja mgeni akaomba aandikiwe maneno. Yakahesabiwa, yakawa sita, na mawili kati ya hayo yalikuwa "oyee".

Mimi nilikuwa siipendi sheria hiyo hata kidogo. Nina hasira za karibu, nalijua hilo, na mwaka ule wa tisini na sita nilikuwa na sababu. Nilikuwa msichana wa kwanza kupewa kalamu ya kwaya. Kabla yangu alikuwa anatunga Mwalimu Polycarpe, ambaye pia ndiye aliyefundisha sauti na kuongoza kamati. Aliiachia kalamu shingo upande, baada ya mchungaji kusema vijana nao wajaribu. Nikapewa nafasi tatu. Nikipitisha wimbo mmoja, ndio utakaokwenda Mpanda mjini kwenye tamasha la Pasaka, na kalamu inabaki kwangu. Nikishindwa mara zote tatu, kalamu inarudi kwa Mwalimu, nami narudi kwenye mstari wa sauti ya kwanza kuimba maneno ya wengine mpaka nizeeke. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na sikuwa na mpango wa kuzeeka hivyo.

Mwezi wa kwanza likaja pipa la msaada kutoka kwa wafadhili wa kanisa huko Ulaya. Lilishushwa stesheni, likaletwa kanisani kwa mkokoteni, likafunguliwa mbele ya watu wote. Lilijaa masweta. Masweta mazito ya sufu, Katumba, na joto letu lile. Chini ya masweta, ndani ya soksi, tukakuta kaseti mbili, kila moja na karatasi yake ya maneno imekunjwa ndani.

Ya kwanza ilikuwa nyeupe. Jaladani kulikuwa na vijana sita wenye meno mazuri, wamevaa jinzi nyeupe, wanaruka. Ya pili ilikuwa nyeusi, ina radi, na chini ya radi lundo la mifupa. Wazee waliikodolea macho ile nyeusi kwa muda, wakaipitisha mkono kwa mkono, mwisho Mwalimu Polycarpe akatoa uamuzi kwamba ile ni habari ya nabii na bonde la mifupa mikavu. Hakuna aliyebisha. Pipa ni la kanisa, kilichomo ni cha kanisa, kwa hiyo kaseti zote mbili zikawekewa mikono na kuombewa. Jumapili iliyofuata, kabla ya ibada, ile nyeusi ikapigwa kwenye spika. Gitaa likanguruma mpaka mbuzi wa jirani wakakata kamba. Mwimbaji hakuimba, alikuwa anafoka kama amebanwa na mlango. Wazee wakatikisa vichwa kwa heshima, wakisema nabii alikuwa anaita mifupa, lazima aite kwa nguvu.

Kwa kuwa nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikapewa zile karatasi nizitafsiri. Nikaanza na nyeupe. Wimbo wa kwanza ulikuwa unasema mwimbaji ana furaha. Wa pili ulisema ana furaha na jua limo moyoni mwake. Wa tatu ulisema jua bado limo. Nilimaliza nyimbo kumi na moja mchana mmoja, huku naanika maharage yangu juani, na kamusi niliifungua mara mbili tu. Nikafurahi sana. Nikasema kumbe kutunga ni rahisi hivi, nikakaa nikatunga wimbo wa jua langu mwenyewe, beti nne, jua kila ubeti.

Binamu yangu Arcade, mwana wa mjomba, ndiye alikuwa mpiga gitaa wetu. Yeye alikuwa amerukwa na akili kwa ile nyeusi. Alianika juani betri za redio kila asubuhi ili zipate nguvu ya kuipiga tena jioni, na vidole vyake vilikuwa vimeota sugu kwa kuifuatisha. Kiingereza hakukijua hata cha kuombea maji. Nilimwambia muziki wake ni makelele ya mtu aliyeumwa jino, akaniambia wangu ni wa kuwabembeleza watoto walale. Tulibishana hivyo wiki nzima, njiani kwenda shamba na njiani kurudi, na kila mtu aliyetukuta alitaka tumpishe.

Nikasoma kavu wimbo wangu wa jua. Kamati ilikuwa na watu watano, lakini wote walimtazama mmoja, Mama Capitoline, kiongozi wa akina mama wa kanisa. Alikuja siku zote na uzi na sindano yake, akifuma vitambaa vya makochi huku anasikiliza. Maneno yakimgusa, sindano ilisimama. Mimi nilisoma beti zote nne na sindano haikusimama hata kuvuta pumzi. Akanifumia nusu kitambaa. Mwishoni akasema tu kwamba chai ikiwa sukari tupu mtu hajui kama majani yamo. Nikarekebisha, nikaongeza mwezi na nyota, nikarudi mwezi wa tatu. Siku ile alimaliza kitambaa kizima.

Nilitoka pale nimefura kwa hasira. Nafasi mbili zimekwenda, imebaki moja, Pasaka ni wiki tatu, na njiani namkuta Arcade amekaa kwenye kigoda anapiga gitaa kavu, anacheka peke yake kwa raha. Nikamnyang'anya karatasi ya ile kaseti nyeusi. Nikamwambia leo nakutafsiria, ujue unashabikia nini, halafu uniombe radhi mbele ya kwaya nzima.

Nikakaa chini pale pale na kamusi. Wimbo wa kwanza ulikuwa upuuzi mtupu, joka lenye mabawa linaloendesha pikipiki. Nikamsomea Arcade kwa furaha ya ushindi. Wa pili, joka lile lile, safari hii limelewa. Nikacheka mpaka nikapaliwa. Kisha nikafika wimbo wa tatu, nikaanza kuandika bila kufikiri, na katikati ya mstari wa pili mkono wangu ukapunguza mwendo wenyewe. Nikaenda kwenye kamusi kuhakikisha. Nikarudi. Nikaenda tena.

Ulikuwa wimbo wa mtu aliyerudi kutoka vitani. Amerudi kijijini na kiatu kimoja. Mlango uko wazi, meza imeandaliwa, sahani tano, na hakuna mtu. Anakaa kwenye kiti chake. Anasubiri waingie. Halafu, pale ambapo kwenye kaseti anafoka kama amebanwa na mlango, maneno yake ni haya: "Wewe uliye juu, siku ile ulikuwa unatazama upande gani?"

Sikudanganyi, mchana kweupe, jua la saa nane, nikasikia baridi mpaka nikatamani lile sweta la msaada. Mara ngapi nimesikia ile sauti nikasema jino linamuuma. Nikaendelea kutafsiri kwa pupa, na kadiri nilivyoendelea ndivyo nilivyoelewa jambo la pili: hii haikuwa kaseti ya kanisa. Hapakuwa na nabii. Wimbo wa saba ulisema waziwazi kwamba mwimbaji hana sala anayodaiwa na kiti chochote cha enzi. Mtu fulani huko Ulaya alikuwa amesahau kaseti yake ndani ya soksi, basi.

Nilipomwambia Arcade, aligeuka rangi. Yeye aliyekuwa akilala na ile kaseti chini ya mto, sasa alitaka tuitupe kwenye tanuru la matofali kabla hakujapambazuka kesho. Na mimi niliyeidharau nikaikumbatia kifuani, nikamwambia atanitupa mimi kwanza.

"Dada, hao watu hawaamini," alisema.

"Hawaamini, lakini wanauliza. Sisi tunaoamini mbona hatuulizi?"

Sikulala vizuri siku tatu, si kwa huzuni, kwa uchangamfu. Kichwa kilikuwa kinachemka. Nilizisoma zile karatasi mbili sambamba, nyeupe na nyeusi, huku natwanga, huku napalilia. Nyeusi ilikuwa na nyimbo tisa, na tatu tu ndizo zilikuwa na uzito, sita zilizobaki ni majoka. Na nyeupe, ambayo sasa nilikuwa nimeipania kuichukia, ilinifanyia fitina. Katika wimbo wake wa tisa, katikati ya jua na furaha, nilikuta mstari ambao mara ya kwanza niliuruka: "Nilichelewa kurudi, nikakuta umeniwekea chakula." Mstari mmoja katika nyimbo kumi na moja, lakini ulikuwa mstari wa kweli. Wale wa kaseti nyeusi walijua kuuliza na hawakujua wanamuuliza nani. Wale wa nyeupe walijua wanazungumza na nani ila hawakuwa na la kumuuliza. Nilipoliona hilo nikaruka na jembe mkononi, mama akadhani nimeumwa na nyoka.

Mama yangu, Vénérande, alikuwa na tabia moja. Akitoka nyumbani, hata akienda kuchota maji tu, lazima arudi ndani mara moja kutazama jiko. Moto umezimwa, majivu yamepoa, yeye anarudi kutazama. Tulimtania sana utotoni. Habari za kwao, za mwaka sabini na mbili walipokimbia Burundi, hakuwahi kuzisimulia. Niliwahi kumuuliza mara moja, nikiwa darasa la tano, akasema, "Niliacha chungu motoni," akainuka akaenda kufagia. Basi. Miaka yote nilidhani alikuwa anakwepa swali langu. Jioni ile, na zile karatasi mbili mapajani, ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa amelijibu.

Nikaandika mpaka daftari likatoboka.

Siku ya kusoma kavu ya tatu kanisa lilijaa, maana habari zilikuwa zimeenea kwamba leo Annonciata, yaani mimi, ananyang'anywa kalamu, na watu wa kwetu hawapendi kupitwa. Hata mama alikuja, akakaa karibu na mlango, kwa sababu kwa wiki nzima nyumbani nilikuwa sikaliki. Arcade alikaa nyuma kabisa na gitaa lake mapajani, uso umemshuka. Usiku uliopita alikuwa amenisihi nisitaje ile kaseti hata kwa fimbo. Nikasimama. Nikasoma kama tangazo la chanjo.

"Bwana, tuliondoka chungu kikiwa motoni.
Mama alisema tunarudi sasa hivi.
Tumevuka mto, tumefyeka pori, tumezaa.
Wewe uliyebaki kule, tuambie,
nani alikiepua?

Hatukuulizi habari za wafalme.
Hatukuulizi mipaka iko wapi.
Ni maharage tu, yalikuwa yanatokota.
Na kama tutachelewa tena kurudi,
tuwekee sahani."

Nilipoinua macho, sindano ya Mama Capitoline ilikuwa imesimama. Lakini Mwalimu Polycarpe naye alikuwa amesimama, na uso wake haukuwa mzuri. Alisema katika miaka kumi na minane ya kwaya ile hajasikia mtu akimuuliza Mungu namna hiyo, kama karani wa ghala. Kisha akanitazama moja kwa moja.

"Maneno haya umeyatoa wapi?"

Ningeweza kusema nimeyatoa kwenye maombi, na yangekwisha. Mstari mzima wa akina mama ulikuwa tayari kunisaidia kusema hivyo. Lakini nimeshasema nina hasira za karibu, na hasira yangu ile ilikuwa imegeuka. Nilikuwa nimechoka na uongo mdogo mdogo wa jua moyoni. Nikatoa kaseti nyeusi mfukoni, nikaiweka mezani mbele yao, nikasema kuuliza nimejifunza humu, na humu hamna nabii. Ni vijana wa huko Ulaya wasioamini, na ndio tuliowaombea na kuwapigia spika Jumapili.

Hapo kanisa lilichafuka. Wengine walishika vichwa, wengine walishika mbavu kwa kucheka, mzee mmoja akauliza kama kuombea kunaweza kurudishwa. Mwalimu Polycarpe akatangaza kwamba kama ni hivyo, wimbo umekufa na arudishiwe kalamu leo leo. Nikaivuta kalamu mfukoni. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kumpa wakati Mama Capitoline alipogonga meza kwa sindano yake.

"Sheria yetu ni kusoma kavu," alisema. "Hao wa kaseti nyeupe na hao wa nyeusi hatujawasoma. Tusomee."

Nikasoma tafsiri zangu zote mbili, bila spika, bila gitaa. Nikaanza na nyeupe, wimbo wa jua. Mama Capitoline alisikiliza mpaka mwisho akitabasamu.

"Huyu mtoto hajafiwa," alisema. "Mungu amweke hivyo hivyo."

Nikasoma nyeusi, kiatu kimoja, sahani tano, mpaka lile swali. Pale ambapo kwenye kaseti mtu anafoka, mimi nilisoma polepole, huku kuku akiparua nje.

"Na huyu amefiwa," Mama Capitoline akasema. "Anapiga kelele kwa sababu anadhani hakuna anayesikiliza. Sasa rudia wa kwako, mwanangu."

Nikarudia. Sikuhitaji tena daftari. Nilipofika kwenye "nani alikiepua", Mama Capitoline aliweka uzi wake wote chini kwenye sakafu, akasema kwa sauti ile ile anayotumia kutangaza zamu za usafi:

"Nilikiepua mimi."

Hakuna aliyeelewa. Hata mimi mtunzi sikuelewa. Akaeleza kwa maneno machache kwamba wao waliondoka siku moja baada ya wengine, yeye na watoto wawili, wakipita kaya baada ya kaya, nyumba zote wazi. Mahali fulani karibu na ziwa, hata jina la kilima hakulijua, waliona moshi. Wakaingia. Moto ulikuwa umebaki makaa, chungu kiko juu yake, maharage yanatokota taratibu, na mwenyewe hayupo. Akakiepua. Wakala. Alisema miaka ishirini na minne amekuwa akimwomba Mungu msamaha kwa kula chakula cha watu, na hajawahi kumwambia mtu, hata marehemu mumewe.

Nyumba zilizoachwa na moto siku zile zilikuwa nyingi mno, na vyungu vingi mno. Nililijua hilo na nadhani kila mtu mle ndani alilijua. Lakini mama yangu aliinuka pale mlangoni. Mama ambaye kwenye mikutano hakufungua mdomo hata kuitikia amina.

"Yalikuwa yameiva?" aliuliza.

"Yalikuwa yameiva vizuri. Hayakuwa na chumvi tu."

"Nilikuwa bado sijatia," mama akasema. Akajifunga kanga upya. "Na watoto, walishiba?"

"Walishiba, dada yangu. Walilala humo humo."

Mama akatikisa kichwa mara mbili tatu, kama mtu aliyepokea barua aliyoisubiri. Kisha akacheka. Akacheka kweli, kwa sauti, machozi yanamtoka, na Mama Capitoline naye akacheka, na wakaendeana katikati ya kanisa wakikanyaga uzi. Mimi nilikuwa nalia na kupiga makofi kwa wakati mmoja, na sijui ni nani aliyeanza, lakini akina mama walishapiga vigelegele kabla wimbo haujapata hata sauti. Mwalimu Polycarpe hakuitisha kura. Alipitisha kiganja usoni, akaurudisha mkono wangu wenye kalamu kifuani kwangu, akamgeukia Arcade.

"Wewe mwenye majoka," alisema, "lile gitaa lako la nabii, unaweza kulipiga taratibu?"

Arcade alikuwa ameshachomeka waya wa spika kwenye betri ya gari.